Pua ya Gari la Mzungu, Kisondela Mpaka Masoko

Nguruwe hawana kosa, hilo niliseme kwanza. Nguruwe anakula pale anapowekewa. Ukimwekea pumba kwenye sahani ya harusi atakula, ukimwekea kwenye pua ya gari atakula, haulizi chombo ni cha nani. Wa kuuliza nilikuwa mimi, na mimi kuuliza nilikuwa siwezi. Ndiyo maana nikaondoka hapa Kisondela na magoti yangu haya, nikaenda Tukuyu, nikaenda Masoko, nikarudi. Kaeni basi niwaambie yote kwa mpango, mwache kuokota vipande vipande kisimani.

Siku ya Jumatatu alikuja wifi yangu Tupokigwe kunisalimia. Mnamjua, dada wa marehemu mume wangu, yule anayekaa Masoko kwa baba yao anamtunza. Wifi ni mkubwa wa akina mama kanisani, hata akiomba chumvi utadhani anasoma matangazo. Mimi nilikuwa nimemaliza banda jipya la nguruwe, la saruji, na lile hori lao la zamani nimelifukua kwenye tope nimeliegemeza ukutani likauke. Wifi akapita pale, akapiga hatua mbili, akarudi hatua moja.

"Wifi," akasema, "hiki ni kitu gani?"

"Hori la nguruwe."

"Umelitoa wapi?"

"Kaka yako alilileta, watoto wakiwa wadogo. Alisema kwenu limetupwa."

Akaketi chini, palepale kwenye tope, na gauni la kanisani. "Wifi yangu. Hii ni pua ya gari la baba. Baba anaitafuta tangu mimi sijaota mvi."

Sasa kwa ninyi mliozaliwa juzi, na kwa wageni mlioolewa huku. Sisi Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Tunaita kutila. Humsalimii, humtazami, jina lake hulitaji. Nyumbani kwake unapita nyuma, migombani. Ukimkuta njiani unaingia vichakani na kitenge kichwani mpaka apite. Siku hizi mabinti wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama televisheni, sisemi kitu, kochi ni lao. Mimi nilishika nilivyofundishwa. Miaka hamsini na kitu nimeolewa ukoo ule na sura ya baba mkwe wangu nilikuwa siijui. Nilijua kofia yake. Nilijua kikohozi chake. Na mnajua mimi namwiga kila mtu, mchungaji namwiga, daktari namwiga, lakini yeye sijawahi kumwiga hata nikiwa peke yangu jikoni.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mzee aliuliza wanawe wote, nani kachukua pua. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaona aibu akanyamaza, akafa amenyamaza. Aliyebaki wa kujibu alikuwa mimi, na mzee anaweza kumuuliza mtu yeyote duniani isipokuwa mimi.

Hilo gari nilikuwa nalisikia tu, kupitia ukuta wa jiko, siku za misiba na sikukuu, mzee akisimulia ndani na sisi wanawake tunamenya ndizi nje. Ujanani alikuwa fundi wa Mzungu wa chai. Mzungu alikuwa na gari la mashindano, la mtu mmoja. Refu kama mtumbwi, magurudumu yako nje kama miguu ya panzi, injini yote imewekwa mbele na dereva amekaa kule nyuma karibu na mkia. Zuri, mwe bandu, jamani. Watu walitoka Masukulu kwa miguu kuja kulitazama likioshwa. Ila halikushinda hata siku moja. Wazungu wengine wakaanza kuleta magari ya injini nyuma, mafupi, yamechuchumaa kama chura, yakawa yanampita. Mzungu alipoondoka nchini akamwachia fundi wake.

Na mzee alikuwa na neno moja tu juu ya hilo gari, alilisema nikiwa bi harusi na alikuwa bado analisema mwaka jana. Kwamba gari halikuwa na tatizo. Mzungu ndiye alikuwa hajui kuendesha. Yeye fundi hakuwahi kuruhusiwa kulishika usukani hata hatua moja, kazi yake kusukuma, kufungua, kufunga na kupangusa. Angepewa yeye, wangeona.

"Sasa jicho moja limeshafunga," wifi akaniambia, bado yuko kwenye tope. "La pili daktari kasema ni suala la muda. Baba ana zaidi ya miaka tisini. Anataka aliendeshe mara moja, literemke tu mpaka kanisani, aone. Lakini bila pua hapandi. Anasema siyo gari hilo, ni kiwiliwili."

Nikamwambia wifi inuka, kesho alfajiri tunakwenda.

Jumanne, kabla jogoo hajamaliza, nilisugua pua kwa majivu, nikaweka kata kichwani, nikaibeba. Ni nyepesi, ingekuwa nzito ningempa wifi. Urefu wake kama mtoto wa darasa la kwanza akilala, mbele ina mdomo wa duara, nyuma imepanuka. Tulipofika kwenye chai mvua ikaanza, na mvua ya kwetu mnaijua haibishi hodi. Wifi akajibana chini ya pua pamoja na mimi. Tukawa miguu minne, kichwa kimoja cha bati. Mama mmoja anachuma chai akasimama na kikapu chake mgongoni.

"Bibi, umevaa nini?"

"Nimevaa gari."

"Haya. Na huyo wa pili?"

"Abiria."

Wifi hakucheka. Wifi anapopata wasiwasi anakuwa kama ukuta wa kanisa. Anatembea anahesabu mambo yatakayoharibika. "Kwanza, ina mabonde. Pili, ina tundu. Tatu, baba atanusa." Tundu ni kweli, mume wangu alilitoboa kwa msumari ili maji machafu yatoke. Mabonde ni kwato. Harufu nilikuwa nimeshaizoea, siwezi kusema.

Kwenye lami tulipata kirikuu iliyobeba maparachichi, dereva akatupandisha juu ya makreti, na saa nne asubuhi tuko Tukuyu. Mlima Rungwe umejifunika, ukungu mpaka madukani. Tukaenda nyuma ya soko kwa fundi Athumani, anayetengeneza masufuria, majiko na mifereji ya maji. Babu yake alitoka pwani na biashara akabaki. Athumani ni Mtukuyu kuliko mimi, Kinyakyusa anakiongea kama maji, ila Kiswahili chake ameachiwa urithi, anakimwaga polepole kama anakumiminia kahawa.

"Karibuni mama zangu. Leteni tuone." Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kiganja. "Nani kafanya hii kazi?"

"Ni nguruwe na marehemu," nikaanza, wifi akanifinya.

"Siulizi nani kaharibu. Nauliza aliyeitengeneza. Tazama huu mkunjo. Hii siyo bati, mama, ni alumini, na aliyeikunja hakutumia mashine. Ameipiga kwa mkono, pole pole, mpaka ikakubali." Akachukua nyundo yake ya mti.

Sasa wifi ananitazama kwa jicho la usiseme. Na mimi namtazama fundi, mtu wa swala tano, ana alama ya sijida kwenye paji la uso, anataka kukumbatia hori langu. Nikaona hapana.

"Fundi, subiri. Kabla hujaiweka pajani. Nimelishia nguruwe humo. Miaka mingi."

Akaishusha chini taratibu. Akatazama mikono yake. Wifi akafumba macho anaomba.

"Bibi," akasema Athumani, "ungeninyamazia ningemaliza kazi, na ungeulizwa wewe, siyo mimi. Umenisemea vyema." Akafikiri. "Haitupwi. Inaoshwa. Mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Na mimi naanza na mikono yangu."

Basi nikaosha. Bibi mzima, nimechuchumaa chini ya mfereji wa fundi bati, maji ya mvua yananiingia shingoni, Athumani amesimama mlangoni, mikono imeshatakata, anahesabu kwa sauti ya msikitini. "Moja. Na udongo, bibi, usiuonee haya. Mbili." Nilipofika ya nne nikasema tano. "Nne, bibi." Nikarudi. Wateja wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kuna nini, fundi akamjibu, "Gari linatawadha."

Halafu akafanya kazi. Aliweka mfuko wa mchanga, akaiweka pua juu yake, akawa anapiga kwa ile nyundo ya mti, haipigi, anaibembeleza, ta, ta, ta, anazungusha, anasikiliza. Chuma hakitumii kwenye alumini, alisema, chuma kinaikasirisha. Tundu akaliziba. Mpaka swala ya alasiri mabonde makubwa yalikuwa yamekwisha, yamebaki madogo.

"Makovu yatabaki," akasema. "Na mimi ninayo, na mke wangu hajanirudisha kwetu. Ujira sitaki. Nataka niione hii pua ikikaa pahali pake. Nitawapeleka mwenyewe."

Saa kumi tukapanda guta lake, pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea mabati, sisi nyuma na pua katikati yetu imefunikwa turubai kama mgonjwa. Barabara ya kushuka Masoko ina mawe, nikawa natikiswa mpaka nikasahau umri wangu. Kadiri tunavyoshuka baridi inaachia, migomba inakuwa minene, kahawa imejaa pande zote.

"Bibi," Athumani akauliza kwa mbele, "huyo mzee jina lake nani, nipate kumwamkia?"

"Muulize wifi."

"Wewe ni mkwewe, hulijui?"

"Nalijua. Silisemi."

Wifi akamweleza. Athumani akaendesha kidogo, akasema, "Kwetu mkwe ni mzazi, unambusu mkono."

"Kwetu ukimbusu mkono," nikamwambia, "watakupeleka hospitali."

Tulifika jua linakaribia milima. Wao wakaingia kwa mbele na pua, mimi nikashuka mapema nikazunguka kwa migombani, nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kama siku zote. Nikakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Nasikia salamu. Nasikia Athumani anamwaga adabu zake. Nasikia wifi anasema, "Baba. Pua imepatikana."

Halafu nikasikia viganja. Viganja vya mtu mzee vikipita juu ya alumini, shh, shh, kuanzia mdomo mpaka nyuma, kisha kurudi. Vilipita muda mrefu sana. Ndizi zikaungua mimi nasikiliza viganja. Hakuuliza ilikuwa wapi. Akasema neno moja tu, "Kesho."

Jumatano asubuhi shemeji Ambakisye akalifunua gari. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu, ana kahawa yake hapohapo. Zamani alikuwa katibu wa vikao, vikao vikaisha, yeye hakuisha. "Ndugu wajumbe," anawaambia watu wa kwaya waliokuja kusukuma, "ajenda ni moja. Mzee anateremka. Kutoka hapa uwanjani, moja kwa moja, kona pale kwenye kahawa, halafu kanisani. Watu wanne nyuma na kamba. Breki ipo, nimeifunga waya mwenyewe. Je, kuna swali?" Hakukuwa na swali. Mteremko wenyewe si mkali, hata kiazi kingefika kimechoka.

Mimi nikalitazama nikiwa nyuma ya jiko, mzee bado yuko ndani anavalishwa koti. Kuna vitu watu wanavisifia, ukivikuta unabaki na sifa mkononi hujui pa kuiweka. Hili sivyo. Rangi ya kijani imebaki mkiani tu, kwingine limekuwa jeupe na laini kama kokwa la parachichi lililomenywa. Mbele wamelivisha matairi ya pikipiki, nyuma ya kirikuu, na bado lilikaa pale kama linasubiri kuitwa. Athumani alilizunguka, mikono mgongoni, mara mbili. Halafu akapiga magoti akafunga pua. Ilipokaa mahali pake nilielewa kwa nini mzee alikataa kupanda. Lilikuwa kiwiliwili kweli. Sasa lilikuwa na uso.

"Lakini injini hii," Athumani akamwambia shemeji, anagonga kwa kidole, "imelala mbele yote. Nzito hii."

"Imekufa kutu," shemeji akasema. "Haina kazi."

"Kufa siyo kupungua uzito, ndugu yangu."

Wakasema mzee anatoka. Nikajifunika kitenge nikakimbia. Nilipanga vizuri pa kujificha. Gari litafika kwenye kona, litakunja kulia kwenda kanisani. Basi mimi nikavuka nikaingia migombani upande wa kushoto, ng'ambo ya kona, mahali ambapo halina sababu ya kufika. Hapo hatuonani, na kama nikitoa jicho moja nyuma ya mgomba, nani atajua. Nilitoa jicho moja. Baadaye nikaona kitenge kinanizuia, nikakishusha mabegani. Nililiosha mara saba, jamani, nisilione?

Wamemkalisha kwenye mito miwili. Kofia, koti, mikono kwenye usukani. Nilimwona kwa mbali, kichwa kidogo kule mkiani, na pua ndefu inamtangulia. Shemeji akasema ndugu wajumbe. Wakaachia.

Lilikuja bila sauti. Magurudumu tu kwenye mchanga, na kwaya inatembea nyuma na kamba. Likaongeza mwendo kidogo, likaongeza tena. Kamba ikamponyoka wa kwanza, ikamponyoka wa pili, wawili waliobaki wakaona heri mikono yao, wakaiachia. Kwenye kona mzee akakunja. Nilimwona akikunja, mikono yote miwili, alijua anachofanya, alikuwa ameukunja usukani ule kichwani mwake tangu Mzungu akiwepo. Magurudumu ya mbele yakageuka kulia kabisa. Gari halikugeuka. Liliendelea kwenda lilikokuwa linakwenda, magurudumu yamegeuzwa pembeni yanasaga mchanga, lile zito la mbele linavuta kama ng'ombe aliyeona majani. Likavuka njia, likaingia migombani, likalaza mgomba mmoja, likalaza wa pili, likasimama kwa wa tatu, na wa tatu ndio niliokuwa nimeushika.

Pua ilinigusa goti. Haikuniumiza, ilinigusa tu, kama mbuzi.

Nikainua macho. Yeye akainua macho. Nilikuwa sina kitenge usoni na nilikuwa sina pa kwenda. Nikaona ni macho ya marehemu mume wangu, jicho moja lina ukungu, lingine linaona, linaniona. Miaka hamsini na kitu. Hakuwa ameumia. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama mtu, halafu akafungua mdomo, na watu wakafika wakipiga kelele, mimi nikajifunika, nikaondoka kinyumenyume nikaangukia kwenye mtaro.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Mzee amelazwa ndani, uji ameukataa, hasemi na mtu. Nje kikao. Mimi jikoni, mgongo ukutani, nasikia yote.

"Ajenda ni chanzo," shemeji akasema. "Gari miaka yote lilikuwa zima. Kilichoongezwa leo ni kitu kimoja. Pua. Pua imekula kwato miaka thelathini, imegongwagongwa Tukuyu, imepinda kushoto, gari likaenda kushoto."

"Gari halikwenda kushoto," Athumani akasema. "Lilinyooka. Na pua haigeuzi gari, ndugu yangu. Pua ni kifuniko."

"Wewe ni fundi wa masufuria."

"Ndiyo. Na sufuria zangu hazijamwingiza mzazi wa mtu migombani."

Wengine wakasema upepo. Wengine mchanga ulikuwa umelowa. Lakini kila walipomaliza kuzunguka walirudi kwenye pua, na kwenye pua ni kwangu. Mwanamke mmoja akasema tena, kwa upole, maana ndivyo wanavyosema yale ya kuchoma, "Na hii ya kuonana, mkwe na mkwe? Si itabidi kuku achinjwe kwanza kuondoa mwiko, ndipo tujue la kufanya?" Wifi yangu, ndaga wifi, asante, akawaambia kuku watapatikana, wanyamaze baba apumzike.

Mimi kilichonikaa siyo kuku. Mtu amesubiri maisha yake yote kuonyesha jambo moja. Amebakiza jicho moja na siku chache za kulitumia. Akaletewa pua iliyoharibikia kwangu, nilikomwagia pumba kwa mkono wangu huu, na sasa hawezi tena, wanawe hawatamruhusu kupanda tena. Atakufa anaamini nilimharibia, na hata pole sina njia ya kumpa. Nilimenya ndizi debe zima siku ile. Hakuna aliyeniambia nimenye.

Alhamisi asubuhi, ukungu umejaa, Athumani anapasha guta moto kwa mbele, mimi nikachukua kifurushi changu nikapita kwa nyuma, njia yangu ya siku zote, kati ya jiko na migomba. Njia ile ni ya wanawake. Mwanamume hapiti pale, hata kuku dume wanaogopa.

Katikati ya njia kulikuwa na kiti. Kwenye kiti amekaa yeye, na blanketi magotini. Alikuwa amembebesha wifi kile kiti alfajiri, wifi ananiambia baadaye alidhani akili imemruka.

Nikageuka, nikavuta kitenge.

"Acha," akasema. "Ulishaniona."

Nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi. Shemeji naye akatokea mbio kwa pembeni, ametusikia, mkono juu kama anaomba nafasi ya kuchangia. "Baba, samahani, tumekaa jana tukaona, tukipata pua nyingine, tukainyoosha hii upya..."

Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa lile jicho moja. Sauti yake sijawahi kuiiga, nimewaambia. Leo naiiga, mara hii tu. Ni ndogo, kavu, haina haraka.

"Mkwe," akasema, "Mzungu alikuwa anaendesha vizuri. Gari ni bovu."